Kutangulia Si Kufika

(Haya ni maneno ya hotuba iliyosomwa na kiongozi wa matembezi wa chama kidogo cha watu wa visiwa vya Lamu wakaao Nairobi. Wanachama walikutana Karen jioni, juma moja kabla ya safari yao ya vilima vya Ngong.)



Nimeombwa nieleze habari za safari yetu ya Ngong, namna ya kujitayarisha, na desturi tutakazozifuata njiani. Najua wako watakaosema, "Kutembea kuna mafunzo gani? Kila mwenye miguu ajua kutembea." Nami zamani nilikuwa nikisema hivyo hivyo, mpaka siku moja nikapata fundisho ambalo sitalisahau. Nitawaeleza habari hiyo hapa mbele yenu bila kujificha, maana kosa lilikuwa langu.

Kwanza yafaa tukumbuke kwa nini chama chetu kilichagua kutembea. Kwetu Lamu mtu hutembea bila hata kujua kwamba anatembea. Vichochoro vya mji wetu ni vyembamba, havikujengwa kwa ajili ya motokaa, na mzigo hubebwa na punda au na kichwa cha mwanadamu. Mtu atokaye Lamu kwenda Shela hufuata ufuo kwa miguu, mwendo wa kilomita tatu hivi, na kabla hajafika amekwisha kusalimiana na watu kumi, amepata habari za mgonjwa mmoja na za arusi mbili. Matembezi yale ndiyo gazeti letu na ndiyo baraza yetu.

Hapa tulipo mambo ni mengine. Karen ni mahali pazuri, penye miti mirefu na hewa safi, lakini kila nyumba ina ua wake na lango lake, na mtu aweza kukaa mwaka mzima asijue kwamba jirani yake ameumwa na amepona. Sisi wenyewe tumetawanyika, huyu Karen, yule Lang'ata, mwingine Dagoretti. Watoto wetu waliozaliwa huku huwajua wazee wao kwa kuwaona arusini na matangani tu. Shangazi zetu na ami zetu, ambao kisiwani walikuwa wakienda kwa miguu kila siku, hapa hukaa kitini toka asubuhi hata jioni, na magoti yao huanza kukataa kazi. Ndiyo sababu tulikubaliana kwamba mara moja kwa mwezi tutatoka pamoja, wakubwa kwa wadogo, tutembee. Shabaha yetu haikuwa mashindano ya mbio. Shabaha ilikuwa kukaa pamoja.

Na kwa kweli Mungu ametupa nafasi nzuri ya kufanya hivyo. Hapa hapa Karen iko njia ya matembezi ya Oloolua, ndani ya msitu ulio chini ya wataalamu wa utafiti wa nyani. Njia ile, ya kilomita tano hivi, hupita chini ya miti ya kale, hufika penye mianzi, penye maporomoko madogo ya mto Mbagathi, na penye pango ambalo yasemekana wapiganaji wa Mau Mau walijificha ndani yake katika miaka ya 1950. Ni njia ya kivuli, nayo hata mzee aweza kuimaliza kwa kupumzika mara mbili tatu. Karibu nasi pia uko msitu wa barabara ya Ngong, na upande wa kaskazini ya mji uko msitu wa Karura. Msitu huo ungalikwisha kukatwa vipande vya viwanja lau Profesa Wangari Maathai na wenzake wasingalisimama kuutetea mwaka 1999. Kwa hiyo tuingiapo msituni tusitupe hata ganda la ndizi, maana yako majani ambayo watu walipigwa ili yabaki mahali pake.

Sasa nije katika vilima vya Ngong. Kila mmoja wetu huviona kila siku upande wa magharibi, vimesimama kama vifundo vya ngumi. Iko hadithi ya kale isemayo kwamba jitu moja lilijikwaa mlima Kilimanjaro, likaanguka, na alama ya vidole vyake ndiyo vilima hivi. Bibi Karen Blixen, yule mwandishi kutoka Denmark aliyekuwa na shamba la kahawa hapa mpaka mwaka 1931, alikaa chini ya vilima hivyo, na nyumba yake ni jumba la makumbusho tangu mwaka 1986. Lakini kuvitazama vilima kutoka barazani ni jambo moja, na kupita juu ya migongo yao ni jambo jingine.

Tutatoka hapa kwa motokaa, tupite Bulbul, tufike mji wa Ngong, kisha tupande hadi kwenye lango la msitu. Hapo tutalipa ada ya kuingia msituni na kuchukua askari wa kutusindikiza. Mwanzo wa njia mtaona mashine kubwa za upepo za kufanyiza umeme. Mbili za kwanza ziliwekwa mwaka 1993 kwa msaada wa Ubelgiji, na sasa ziko nyingi zaidi. Mahali pawekwapo mashine za namna hiyo hapakosi upepo, basi kila mtu alete koti. Kutoka hapo tutafuata mgongo wa vilima kuelekea kusini, tukipanda na kushuka, tukipanda na kushuka, zaidi ya kilomita 10, mpaka tutokee Kona Baridi penye barabara ya Magadi, ambapo motokaa zitakuwa zikitungoja. Upande wa kushoto tutauona mji wa Nairobi na mbuga yake ya wanyama. Upande wa kulia ardhi yaanguka ghafula hata Bonde la Ufa. Kilele kirefu kuliko vyote chaitwa Lamwia, nacho kina mita 2,460 juu ya bahari.

Ninyi mliokaa Nairobi siku nyingi hamtaona tabu kubwa. Walakini wako wageni wetu watakaofika kutoka Lamu siku mbili kabla ya safari. Mtu aliyezoea usawa wa bahari, akifika Lamwia, hukuta hewa imekuwa nyepesi, imepungua kama robo nzima. Moyo wake utapiga mbio na pumzi zitakuwa fupi hata kama ni baharia mwenye nguvu. Kuhema huko si uvivu wala si uzee. Asichekwe. Apewe nafasi aende polepole, anywe maji, na akiumwa sana na kichwa asilazimishwe kuendelea.

Basi sasa nitimize ahadi yangu. Miaka kadha iliyopita, katika mwezi wa Julai, nilikuwa kiongozi wa watu kumi na wanne katika njia hii hii. Nilikuwa nimekwisha kuipita mara nyingi, nami nilijiona bingwa. Askari wa misitu sikumchukua, kwa kuwa niliona ni gharama ya bure. Niliwahesabu watu langoni, tukawa kumi na wanne, nikatia hesabu ile mfukoni wala sikuitoa tena. Vijana walikuwa na haraka, nami nilipenda kwenda nao mbele, maana mazungumzo yao yalikuwa ya kuchekesha. Tulipofika kilima cha nne ukungu ulishuka, kama ilivyo kawaida ya miezi ile ya baridi. Mtu hakuweza kumwona mwenziwe aliye hatua ishirini mbele yake. Nilisema moyoni, "Njia ni moja, nani atapotea?" Tukaendelea.

Tulifika Kona Baridi saa saba mchana. Tulikaa, tukafungua mahamri na tende, tukamimina chai. Hapo ndipo mtu mmoja alipouliza, "Shangazi yuko wapi?" Nikahesabu. Tulikuwa kumi na watatu. Nikahesabu tena, na safari hii midomo ilikuwa imenikauka. Shangazi yetu, mwanamke aliyezidi umri wa miaka sitini, hakuwapo. Walio mbele walidhani yuko katikati. Walio katikati walidhani yuko mbele kwa wajukuu zake. Walio nyuma walikuwa wamempita ameketi juu ya jiwe akivua kiatu, wakamwuliza kama ni mzima, akajibu kwamba ni mzima, nao wakaenda zao. Hapana mtu aliyefanya ubaya. Lakini kwa kuwa kila mmoja alidhani mwenziwe anamwangalia, hakuwa na mwangalizi hata mmoja.

Tulirudi juu, vijana mbele na mimi nyuma yao, tukiita jina lake. Ndugu zangu, upepo wa Ngong huchukua sauti ya mtu ukaitupa bondeni. Nilifikiri habari za nyati, maana wapo katika vichaka vya miteremko ile. Nilifikiri habari za majabali. Nilifikiri nitamwambia nini mwanawe. Saa tisa ikapita, saa kumi ikapita, na jua la Nairobi huchwa karibu na saa kumi na mbili na nusu, hapana siku liongojalo. Saa kumi na moja tulimwona kijana mchungaji, Mmaasai, akipanda kutoka upande wa Bonde la Ufa na fimbo yake. Alikuwa akitutafuta sisi. Shangazi alikuwa amefuata njia ya ng'ombe katika ukungu akidhani ndiyo njia yetu, akateremka mbali. Kijana yule alimkuta amekaa chini ya kichaka, akamwongoza hadi nyumbani kwa mama yake, wakampa chai ya maziwa na shuka ya kujifunika, kisha akapanda mlima mzima kuja kutuambia.

Tulipomfikia, Shangazi hakunikemea. Alisema neno moja tu: "Niliita hata sauti ikakauka. Nikawasikia mkicheka, kisha nisiwasikie tena." Maneno hayo ningaliona heri anipige kofi. Ameniruhusu kuyasema leo, naye yuko hapa pamoja nasi. Lakini tangu siku ile hajatembea nasi tena, wala si yeye peke yake. Wazee wengine watano waliposikia habari ile wakaacha kuja. Kwa mwaka mzima chama kilikuwa cha vijana wenye miguu mizuri, na ile sababu yetu ya kutoka pamoja ilikuwa imebaki nyuma juu ya jiwe, ikivua kiatu.

Wahenga wetu walisema, "Kutangulia si kufika." Nilikuwa nikidhani methali hiyo yamhusu mtu mwenye kiburi anayejikwaa mwishoni. Siku hiyo nilifahamu maana nyingine. Nilikuwa nimetangulia Kona Baridi, nimekaa, nimekunywa chai, na kumbe sikuwa nimefika. Kundi la watu hufika pale tu mtu wake wa mwisho afikapo.

Wako watu wakubwa kuliko sisi waliolijua jambo hili. Mwezi wa Septemba mwaka 1970, madaktari wawili wa Austria, Gerd Judmaier na Oswald Oelz, walipanda kilele cha Batian katika mlima Kenya, chenye mita 5,199. Karibu na kileleni jiwe lilichopoka, Judmaier akaanguka na kuvunjika mguu vibaya sana. Oelz alimfunga jeraha, akashuka kutafuta msaada, kisha akarudi juu kukaa na mwenziwe. Watu wa Mountain Club of Kenya walipanda kuwasaidia, na waokoaji wengine wakaletwa kwa ndege kutoka Austria. Rubani mmoja Mmarekani, Jim Hastings, alikufa helikopta yake ilipoanguka katika kazi hiyo ya uokoaji. Baada ya zaidi ya juma moja mlimani Judmaier alishushwa akiwa hai, na akapona. Kilele walikuwa wamekwisha kukifikia siku ya kwanza. Lakini anayeikumbuka habari ile hamsifu Oelz kwa kufika juu, humsifu kwa kurudi.

Sisi hatuendi Batian, twaenda Ngong tu. Hata hivyo kanuni ni ile ile, nami naomba tuzikubali desturi hizi sita kabla ya kutoka.

Kwanza, mwendo utawekwa na aendaye polepole kuliko wote. Huyo ndiye atakayetembea nyuma ya kiongozi, karibu na mbele, wala hatakuwa mkiani. Aliye dhaifu akiwekwa nyuma, kila mara awafikiapo wenziwe huwakuta wamekwisha kupumzika na wako tayari kuondoka; wao wamepumzika mara saba, yeye hakupumzika hata mara moja.

Pili, mtu wa mwisho katika safu atakuwa mtu mwenye nguvu, aliyechaguliwa kwa jina. Kazi yake ni moja: asimpite mtu yeyote, kwa sababu yoyote. Mtu akiketi, naye aketi. Mtu akivua kiatu, naye asimame hapo mpaka kiatu kivaliwe.

Tatu, tutahesabiana juu ya kila kilima, wala si langoni tu. Tena tutatembea wawili wawili, na kila mtu ataulizwa habari za mwenziwe. Kuulizwa "Tuko wangapi?" humhusu kiongozi, kuulizwa "Mwenzio yuko wapi?" humhusu kila mtu.

Nne, ukungu ukishuka, safu itasimama na kukazana, mtu amwone aliye mbele yake. Kila mmoja atachukua firimbi. Atakayejikuta peke yake asitembee tena. Akae pale pale, apige firimbi mara tatu, angoje, kisha apige tena. Simu ya mkono ni kitu kizuri, lakini si kila mteremko una mawasiliano, na baridi humaliza betri upesi.

Tano, kila mtu alete maji lita mbili, chakula, koti la mvua, na viatu vya kushika ardhi. Makubadhi ni viatu vizuri vya kwendea Shela. Kwa Lamwia havifai. Tutatoka Karen saa kumi na mbili asubuhi ili tuwe tumeshuka kabla ya mawingu ya alasiri. Ninyi mliovuka mikono ya bahari kwetu mwajua kwamba maji yakijaa hayamngoji mtu. Na mlimani giza ni kama maji kujaa.

Sita, tukikutana na wachungaji tuwasalimu kwa adabu, tusipite katikati ya ng'ombe wao, wala tusiwapige picha bila ruhusa. Vilima vile ni malisho yao, na mmoja wao alitufanyia wema ambao hatujaulipa.

Najua vijana mna neno. Mmoja wenu aliniambia juzi, "Ami, tukienda kwa mwendo wa wazee tutachoka kwa kusimama." Nisemavyo ni hivi: mtakapotaka kukimbia, kimbieni siku nyingine, nami nitakuja kuwashangilia. Lakini siku ya chama, mwenye nguvu achukue mzigo wa asiye na nguvu, ndipo nguvu zake zitapata kazi. Na tena, katika mwendo wa polepole ndipo mtakapoyasikia mambo ambayo hayamo katika vitabu vyenu vya shule: namna mitepe ilivyoshonwa, nani alikuwa nahodha wa chombo gani, babu yako alioaje. Mzee hawezi kusimulia hayo akiwa anahema nyuma yenu hatua mia mbili.

Bwana Mwenyekiti, nimekaribia mwisho. Wengi hapa ni wana wa mabaharia, na wazee wa vyombo walikuwa na msemo, "Kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani." Mtu azunguke atakavyo, akae mbele au akae nyuma, mwisho wote wamo katika chombo kimoja. Hapana nahodha aliyeingia bandarini akasema safari imekuwa njema hali baharia wake mmoja amebaki majini.

Juma lililopita nilikwenda kwa Shangazi kumwomba aje nasi tena. Nilimwambia kwamba nimejifunza. Alinitazama kitambo, akanimiminia kahawa, kisha akasema, "Maneno nimeyasikia. Mwende kwanza, nami nitatazama mtakavyorudi."

Basi, mabibi na mabwana, juma lijalo tutakuwa tukitazamwa. Tufike Kona Baridi saa saba, saa tisa, au saa kumi, hilo si neno. Tufike wote.